Udhu wa Mashine ya Sharubati

Jumatatu ya tarehe 30 Agosti 1976, Ramadhani haijatimiza hata wiki, watu wa Bagamoyo walifungua saumu kwa tembo. Hawakujua. Walikata ncha za pakiti zao za pembe tatu, wakamimina sharubati ya machungwa kwenye bilauri, wakapiga bismillahi, na kilichowapanda puani ni harufu ile ile ya kibuyu cha mgema. Wengine walitema. Wengine, kwa kiu ya mchana kutwa, walikuwa wameshameza. Isha haijaadhiniwa, kundi zima lilikuwa mlangoni pa kiwanda, kila mmoja na pakiti yake imevimba kama mashavu ya mpiga zumari.

"Mwatunywesha pombe mwezi mtukufu!" alifoka mzee mmoja wa mjini. "Haya, nani ataitapika hii tumboni mwangu? Wewe bawabu?"

Mzee Mwishehe, bawabu, aliushikilia mlango kwa mikono miwili. Msabaha alikuwa amesimama nyuma yake, mikono bado inanuka soda kali ya kuoshea mabomba. Yeye ndiye mkuu wa waoshaji wa ile mashine. Maneno yale aliyasikia yote, na kila neno aliliona linamjia yeye.

Lakini moyoni alisema: lawama si yangu, ni ya wakubwa. Na hapo hakuwa anasema jipya. Tangu Zaina mkewe afe, mwaka uliotangulia, Msabaha alikuwa na jibu moja kwa kila jambo. Zaina alishikwa na homa mchana. Gari la kiwanda lilikuwapo, limeegeshwa kivulini, lakini funguo zilikuwa mfukoni mwa meneja, Ndugu Majaliwa, na meneja alikuwa Dar es Salaam mkutanoni. Mpaka gari la kuazima linapatikana, mgonjwa alikuwa hajui tena nani kamshika mkono. Tangu hapo Msabaha na meneja walikuwa hawana maneno ila ya kazi. "Ndiyo, ndugu meneja." "Hapana, ndugu meneja." Shikamoo aliitoa kwa sababu ni lazima itoke.

Kesho yake asubuhi Ndugu Majaliwa aliwakusanya. Macho yake mekundu, yaonekana hakulala.

"Sikilizeni. Kuanzia leo, mvuke ukitikisika, hata kidogo, mashine isimamishwe, ifunguliwe, ioshwe upya tangu mwanzo. Sitaki mtu aniambie alidhani."

Kwa asiyeijua, ile mashine kazi yake ilikuwa ni kutia sharubati kwenye pakiti bila mkono wa mtu kugusa na bila hewa ya nje kuingia. Karatasi ilipita kwenye dawa ya kuua vijidudu, ikakunjwa ikawa bomba, sharubati ikashuka ndani yake, na meno ya moto yakabana na kukata, pakiti moja baada ya nyingine. Ikifungwa vizuri, pakiti ilikaa miezi bila barafu. Lakini kabla ya kutia hata tone, mabomba yote sharti yaoshwe kwa maji, kisha soda kali, kisha maji, kisha asidi, kisha maji tena, halafu yapigwe mvuke mpaka ndani kusibaki kilicho hai. Kazi hiyo iliwalia nusu ya siku. Na boila yao, tangi la kuchemshia maji ya mvuke, ilikuwa kuukuu. Mvuke wake ulitikisika kama pumzi ya mgonjwa wa pumu.

Kwa hiyo walikuwa wanaosha, wanaanza kutia, boila inakohoa, wanasimama, wanafungua, wanaosha tena. Na waoshaji wenyewe waliongeza yao. Si mashine imeingia tembo? Tembo ni najisi. Kombo, Mpemba mmoja mwembamba mwenye mdomo mwepesi, ndiye aliyeanza kuhesabu maji kwa sauti mpaka saba, kama anayeosha chombo kilicholambwa na mbwa, na wenzake wawili wakamfuata. Msabaha hakuwakataza. Yeye mwenyewe alikuwa akimaliza kuosha koki, anaitazama, moyo unamwambia hujaitakasa, anairudia.

"Bwana Msabaha," Kombo alimwambia siku moja, jasho linamtiririka na saumu imemkausha midomo, "hii ingekuwa maiti, ingefufuka iseme jamani basi, nizikeni."

Walicheka, lakini ulikuwa mwezi wa funga na jua lilikuwa linakwenda zake. Walipotoka getini adhana ya magharibi ilikuwa imeshapita zamani. Kesho yake hivyo hivyo. Keshokutwa hivyo hivyo.

Na hilo ndilo lililomwumiza Msabaha kuliko mashine, kuliko lawama za mjini. Nyumbani alikuwa na binti, Sikuzani, miaka minane, mwaka wake wa kwanza wa kufunga. Mchana alikaa kwa jirani yao, Bi Mwanamvua, mama mtu mzima aliyesomesha watoto Kurani barazani kwake. Huyu mama, tangu Zaina azikwe, hakungoja kuombwa. Alimchukua mtoto, akamsuka, akamlisha, akamfundisha, na siku Msabaha alipojaribu kumshukuru alimjibu, "Nishukuru nikishakufa, sasa nina kazi." Bila yeye, Msabaha hakujua wangekuwa wapi.

Lakini Sikuzani alikuwa na lake moja. Alikataa kufungua saumu mpaka baba afike. Tende imewekwa mbele yake, uji umemiminwa, watoto wenzake wanakula, yeye ameshika kikombe cha maji magotini anatazama njia.

"Shikamoo, Bi Mwanamvua," alisema Msabaha jioni moja, amefika giza limeshaingia, anatweta.

"Marahaba. Keti. Mtoto mtazame midomo yake."

Msabaha alimtazama. Sikuzani alikunywa maji kwa pupa, kisha akamwegemea baba yake kama nguo iliyotundikwa.

"Baba Sikuzani," mama yule aliendelea, kwa upole ule wa mtu aliyekwisha kata shauri, "mimi huyu siwezi kumlazimisha kula, na siwezi kumwacha akauke barazani pangu. Bibi yake wa Mkange amenitumia salamu mara mbili. Anamtaka. Mwezi ukifika nusu nawe bado unafika saa hizi, nitampeleka mwenyewe. Na akienda Mkange, najua na wewe unajua, harudi."

"Si mimi, Bi Mwanamvua. Ni wakubwa. Wametufunga kwenye ile mashine."

"Sikuuliza nani. Nimekwambia lini."

Siku zile zile kiwandani alikuwa amefika fundi mpya, kijana wa Lindi, Bwanausi jina lake, aliyesomea mashine Dar na kwingine mbali. Msabaha alimwekea kisirani kabla hajafungua mdomo. Huyu naye ameletwa na wakubwa. Bwanausi alikaa siku mbili anatazama tu, ameshika mikono nyuma. Siku ya tatu alikuja kuchuchumaa karibu na Msabaha, penye ndoo ya soda.

"Kaka Msabaha, naomba nikuulize. Mvuke ukitikisika, mnajuaje kama ndani kumeingia uchafu?"

"Hatujui. Ndiyo maana tunaosha."

"Kile kipimo pale je? Mshale ukibaki juu ya alama nyekundu, mle ndani bado kuna kani inayosukuma nje. Hewa haiingii. Hapo hamna haja ya kufungua. Mngepitisha maji ya moto na mvuke kidogo, mkaendelea. Mkifungua ndiyo mnaingiza uchafu wenyewe."

"Na pakiti zikivimba?"

"Hazitavimba."

"Zikivimba, mdogo wangu, wewe utarudi Lindi na cheti chako. Mimi nitabaki hapa na watu wa mji huu. Amri ya meneja ni kuosha, na mimi naosha." Akaitumbukiza koki kwenye soda kwa nguvu hadi maji yakamrukia fundi kwenye suruali.

Bwanausi hakukasirika. Alijifuta, akasema, "Basi siku ukitaka, nipo," akaondoka. Hilo la kutokasirika ndilo lililomkera Msabaha zaidi.

Jioni ile alichelewa kama kawaida. Alipokaribia baraza ya Bi Mwanamvua aliwakuta watoto wamekwisha swali, ila Sikuzani peke yake yuko penye mtungi wa maji, nguo imelowa mpaka kiunoni, anatawadha.

"Ni mara ya nne hiyo," alisema Bi Mwanamvua. "Akitawadha, akifika kwenye mkeka, anarudi. Hebu njoo hapa, binti. Una nini?"

Sikuzani alisimama kichwa chini. "Naona kama udhu umetoka."

"Umesikia mlio?"

Watoto wakaanza kuchekeana viganjani.

"Sikusikia."

"Umesikia harufu?"

"La."

"Basi umetokea wapi? Ulipotawadha mara ya kwanza ulikuwa na yakini?"

"Ndiyo."

"Basi yakini unayo, na hiyo nyingine ni shaka tu. Ukisikia mlio au harufu, rudi ukatawadhe. Usiposikia, udhu wako upo, kaswali. Anayekwambia rudi, rudi, rudi, si Mungu. Huyo ni mwenye kukuchosha ili uache sala yenyewe."

Sikuzani aliinua macho akamwona baba yake, akasahau sala, akasahau udhu, akakimbilia kikombe chake.

Msabaha hakula sana usiku ule. Alikaa na kikombe cha kahawa kimepoa mkononi, akiitazama nguo ya mtoto iliyolowa, imeanikwa kambani. Alikuwa mtu wa madrasa kuliko wa shule. Hayo ya mlio na harufu alifundishwa akiwa mdogo, pale pale Bagamoyo, na tangu siku ya tembo hakuyakumbuka hata mara moja. Mlio gani wamesikia wao? Harufu gani? Walisikia moja, siku ile moja. Baada ya hapo walikuwa wanairudia mashine kwa sababu ya moyo tu.

Asubuhi alimfuata Bwanausi kabla ya mtu mwingine kuingia.

"Hebu nionyeshe huo mshale wako."

Bwanausi hakumwuliza kwa nini jana hakutaka. Alimwonyesha. Kisha akasema kuna jambo moja linamsumbua, na kwa jambo hilo anahitaji mikono ya mtu anayeijua kila koki. Ikiwa mashine inaoshwa kiasi hiki, tembo la tarehe 30 lilitoka wapi? Wakafungua pamoja, koki moja baada ya nyingine, Msabaha anatoa, fundi anashika kurunzi. Kwenye koki ya chini, ile iliyo karibu kabisa na pa kujazia, mpira wake ulipokunjwa ulifunguka kama jeraha. Ndani ya ufa mlikuwa na ute wa machungwa, umejificha, unanuka.

Msabaha aliunusa, akarudisha kichwa nyuma.

"Harufu hiyo," alisema.

"Soda imeula. Mpira ulikuwa umechoka, na kila mnapoosha soda inazidi kuula. Humu ndani maji hayafiki, hata muoshe mwaka mzima."

Kombo, aliyekuwa ameingia wakati ule, alichungulia. "Yaani sisi tunamwogesha mtu, kumbe ana jino bovu!"

Sasa ilibaki mipira mipya, nayo haikuwapo. Msabaha alikwenda mwenyewe ofisini kwa meneja, mpira uliooza kiganjani, na njia nzima alikuwa ameshapanga maneno makali. Hawa ndio hawa. Wanakaa ofisini, vipuri hawaagizi, lawama wanamtupia mwoshaji. Aliuweka mpira juu ya meza.

Ndugu Majaliwa aliuinua, akaubinya ufa kwa kidole. Hakupaza sauti.

"Nimeiomba mipira hii tangu mwaka jana," alisema. "Nikiwaandikia wakubwa wa Dar, wananijibu fedha za kigeni hakuna. Nikiwapigia, wananiambia niandike." Alisimama, akachukua kofia yake. "Safari hii sitaandika. Nakwenda kukaa mlangoni kwao mpaka wanipe."

Akatoka. Msabaha alibaki na maneno yake makali mdomoni, hayana pa kwenda. Alipomfuata nje alimwona meneja, mtu mzima na saumu yake, anavuka uwanja kwa miguu kuelekea stendi ya basi. Gari la kiwanda limebaki kivulini.

"Mbona hachukui gari?" alimwuliza bawabu.

Mzee Mwishehe alimshangaa. "Wewe hujui? Tangu mkeo, Mungu amrehemu, gari haliondoki naye. Akitoka, funguo hizi hapa." Akapiga mfuko wa shati, zikalia. "Aliniambia, Mwishehe, akiugua mtu, hata mtoto wa mwoshaji, usingoje ruhusa yangu. Mke wa Hija, yule mwangalizi wa boila, si tulimkimbiza kwa hili gari mwezi wa Rajabu? Akajifungua salama. Mimi nilidhani amekwambia."

Msabaha alisimama getini mpaka meneja akapotea kwenye kona, halafu akarudi kazini.

Meneja alirudi siku ya pili yake, shati limekwajuka kwa vumbi, na mfuko wa karatasi kwapani. Ndani mlikuwa na mipira, si seti moja bali mbili. Ya pili aliipataje hakuwaeleza. Alisema tu, "Nimesikia matusi ambayo sikuyasikia tangu nikiwa jandoni."

Walicheka wote, na Msabaha alicheka nao. Kisha akasema, "Shikamoo, ndugu meneja," na safari hii ilitoka yenyewe. Meneja aliisikia tofauti. Aliitikia marahaba, akageuka upande kama aliyeingiwa na kitu machoni.

Seti ya pili ndiyo iliyowafungua. Bwanausi na Msabaha waliipangia kazi. Mashine ikiwa inatia, mtu mmoja anaosha na kuchemsha mipira na koki za akiba pembeni, tayari. Ukifika wakati wa kuosha, wanabadilisha tu, zile zilizotoka zinaoshwa taratibu baadaye. Soda haikai tena mpaka iule mpira. Na mvuke ukitikisika, amri mpya ya meneja ikawa, mtu aende kwanza kutazama mshale.

Siku ya kwanza ya mpango huo boila ilikohoa alasiri, jua limeanza kulegea. Wote walikimbilia kipimo. Mshale ulishuka, ukashuka, ukafika karibu kabisa na alama nyekundu, ukasimama hapo unatetemeka.

"Umegusa," alisema mmoja wa waoshaji.

"Haujagusa," alisema Kombo. "Lakini kaka, mimi moyo wangu..."

Walimtazama Msabaha. Bwanausi naye alirudi nyuma hatua moja, akimwachia, kwa kuwa alijua nani atakayebaki na watu wa mji huu. Msabaha alihisi mkono wake unakwenda wenyewe kwenye spana. Akifungua, hakuna atakayemlaumu. Akifungua, Sikuzani atakaa na kikombe chake magotini, na kesho kutwa ni nusu ya mwezi. Asipofungua, na pakiti zikavimba, mji mzima.

Aliinama mpaka pua ikakaribia kioo cha kipimo. Kati ya mshale na nyekundu mlikuwa na weupe. Mwembamba, lakini weupe.

"Umesikia mlio?" alimwuliza Kombo.

"Mlio gani?"

"Harufu je?"

Kombo alimtazama, kisha uso wake ukafunguka, akapiga kofi paja lake. "Wallahi hii mashine haijajamba!"

"Basi udhu wake upo. Pitisheni maji ya moto na mvuke, tuendelee."

Jioni ile Msabaha alifika barazani kwa Bi Mwanamvua jua bado linaonekana juu ya minazi. Sikuzani alimwona akitokea mbali, asiamini, akamwuliza mwalimu wake leo ni siku gani. Adhana ilipolia baba na binti walikata tende moja, nusu kwa nusu. Bi Mwanamvua hakusema neno juu ya Mkange. Alimsogezea Msabaha sahani ya muhogo wa nazi, akamwambia, "Kula, usinitazame hivyo."

Pakiti za siku ile hazikutoka nje mara moja. Meneja aliziweka kwenye stoo yenye joto, zikae zionekane. Kila asubuhi Msabaha na Bwanausi waliingia pamoja wakazibonyeza kwa vidole kama wanaochagua maembe. Hakuna iliyovimba. Mwezi ulipoingia kumi la mwisho meneja aliziruhusu, na wale wale waliokuja getini na pakiti zilizovimba wakarudi kununua. Mzee aliyefoka alinunua nyingi kuliko wote, akidai anampelekea mgeni.

Siku chache kabla ya Idi, Msabaha aliwaalika futari. Barazani kwa Bi Mwanamvua, kwa kuwa kwake padogo. Alikuja Kombo na wenzake wawili, Mzee Mwishehe, Bwanausi, na Ndugu Majaliwa alikuja pia, ameshika tikiti maji. Sikuzani aliwanawisha mikono mmoja mmoja, mara moja tu kila mtu, bila kurudia. Walipokwisha kula, Msabaha, ambaye si mtu wa maneno ya mbele za watu, alisimama.

"Mimi nimewasema wengi vibaya," alisema. "Wengine walistahili. Hata leo wako huko Dar wanaostahili. Lakini wewe fundi ulinipa jibu nikakumwagia soda, na ukaningoja. Wewe ndugu meneja, lile la funguo, Mungu akulipe, mimi siwezi. Na mama huyu hapa amenikataza kumshukuru, kwa hiyo simshukuru, lakini mtoto wangu yuko hapa, hayuko Mkange. Basi." Akaketi haraka, masikio yanamwaka.

"Amina," walisema, na Bi Mwanamvua akaingia ndani kutafuta kitu ambacho hakukipata.

Palikuwa na utulivu mzuri wa watu walioshiba. Meneja, kwa furaha, akaanza kuwaeleza mwezi ulivyokwenda. Soda wanayotumia sasa ni nusu. Maji yamepungua. Mashine iliyokuwa ikilala nusu ya siku sasa inatia mchana kutwa, na huko Dar wameanza kumsikiliza. Msabaha alisikiliza kwa fahari, binti yake amelala pajani mwake.

Kombo alikuwa ameegemea nguzo, anachokonoa meno kwa njiti. Alisema bila ubaya wowote, kwa sauti ile ile ya masihara yake.

"Ndugu meneja, soda imepungua, maji yamepungua, kuosha kwenyewe kumepungua. Sisi waoshaji wanne je?"

Ndugu Majaliwa alifungua mdomo, kisha akamtazama Bwanausi. Bwanausi akatazama kikombe chake.